Vitonge vya Tende Ulivyoviomba

Kwihara, Tabora
5 Septemba 1943

Dada yangu mpendwa Veneranda,

Tumsifu Yesu Kristu. Shikamoo dada. Barua hii ikukute umekaa vizuri, maziwa yanatoka, na kitovu cha Anton kimekauka. Shemeji naye na mgongo wake, anaendeleaje? Sisi huku tunapumua. Katarina ameota meno mawili ya chini, na ananing'ata nayo bila huruma. Nimechoka, dada, kuna siku nasinzia nimesimama na mchi mkononi. Kasimiri bado yuko vitani. Barua yake ya mwisho ilisema ni mzima, ila wanapewa biskuti ngumu kama vigae, akaomba nimsalimie mama yake na vitonge vyake.

Barua yako niliipata kwa mkono wa Damas wa reli. Niliisoma mlangoni nikiwa na mtoto mgongoni. Ulivyosema vile vitonge vya tende tulivyokutumia ulipojifungua vilikuwa vitamu kuliko halua ya mjini, kwamba ulivificha chini ya kitanda shemeji asivione, na kwamba sasa unataka nikuandikie namna ya kuvitengeneza ili uwape wageni siku ya karamu ya ubatizo, nilicheka. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba, nikatapika. Kwa hiyo dada, kama unakula, weka chini kwanza. Ukishamaliza kumeza ndipo uendelee kusoma.

Unajua mwenyewe kwamba sukari imekuwa kama mvua ya Agosti tangu vita hii ianze. Mama mkwe wangu, Bibi Siwema, hana haja nayo. Vitonge vyake ni karanga zilizokauka juani, tende, asali kidogo, kisha unaviringisha na kuvigaragaza katika ufuta. Moto hauwashwi kabisa. Anasema alifundishwa na mkwe wake, na huyo alikuwa akiwafungia wapagazi chakula cha njiani enzi zile misafara inapita hapa kwetu kwenda pwani. Kwihara nzima wanamjua kwa vitonge hivyo. Mwenye mgonjwa anakuja kuomba, mwenye mgeni anakuja kuomba. Hata katekista akipita anajifanya anauliza habari za Kasimiri, kumbe jicho liko kwenye kopo.

Kazi yangu ilikuwa kutwanga karanga. Tende sikuruhusiwa kugusa. Na tende zenyewe siku hizi, dada, ni aibu. Nzuri haziji tena. Tunauziwa dukani kwa Kuluthumu zile za chini ya kanda, zimekauka kama kisigino, ukipasua moja unamkuta mdudu kajilaza humo kama yuko kwake. Mama mkwe alikuwa anazichukua, anaingia nazo chumbani, anafunga mlango, na akitoka ameshika bakuli la tende laini, zinang'aa, zinavutika. Nilikuwa naona maajabu. Nikadhani ana dawa. Nikasema moyoni, siku ataniamini atanionyesha.

Hakunionyesha, niliona mwenyewe. Mchana mmoja mwezi wa saba Katarina alijichafua, nikaingia chumbani bila hodi kuchukua kanga. Nikamkuta mama mkwe kwenye kigoda, bakuli mapajani, mashavu yote mawili yamejaa kama ya panya buku. Anatafuna. Taya linakwenda huku na huku kama la ng'ombe aliyeshiba. Akainama, akatema bonge zima bakulini, na uzi wa mate ukabaki unaning'inia kutoka mdomoni hadi kwenye tende, mrefu, unametameta kwenye mwanga wa dirisha. Akaukata kwa kidole, kidole akakilamba. Kokwa alikuwa anazitema pembeni.

Dada, hakuona haya hata kidogo. Alinitazama, akameza, akaniambia nifunge mlango vumbi lisiingie kwenye chakula.

Nilikimbia. Nilitapika hadi nyongo, nikakumbuka kila kitonge nilichokula tangu niolewe katika mji huu, nikatapika tena. Nikamkumbuka Padri, aliyekula kimoja sikukuu ya mwaka jana na kurudisha mkono kuchukua kingine. Mama mkwe akanifuata na kata ya maji, akanipigapiga mgongo, akaniuliza kwa furaha kubwa kama nina mimba nyingine. Nikamwambia itatoka wapi, mume yuko vitani. Akasema basi ni njaa, akanipa kitonge.

Ningenyamaza. Watu wazima wana meno yao na akili zao, wale wanachotaka. Lakini baada ya siku kidogo nilitoka kisimani, nikamkuta amempakata Katarina. Anatafuna, anatoa kwa ncha ya kidole, anamtia mtoto mdomoni, na mwanangu amefungua kinywa kama kifaranga cha mbayuwayu, anadai kingine.

Hapo ni lazima nikueleze habari za jino. Mama mkwe alikuwa na jino la nyuma lililooza. Fizi imevimba, ina rangi ya zambarau, na akiibonyeza kwa ulimi usaha unatoka. Alilishindilia karafuu na tumbaku. Ukikaa naye karibu unapata harufu ya karafuu kwanza, kisha tumbaku, na halafu, chini kabisa, ile yenyewe, kama panya aliyekufa ukutani. Asubuhi alikuwa anatema kwenye majivu, na mimi ndiye ninayezoa majivu. Kinywa hicho ndicho kilichokuwa kinamlisha Katarina.

Nikamtoa mtoto mapajani mwake. Sikumpokonya, nilimchukua taratibu na kwa heshima, lakini nilimchukua. Nikamwambia, mama, nisamehe, mwanangu hatakula tena kilichotoka mdomoni mwa mtu.

Ee Maria! Alipiga yowe mpaka majirani waliokuwa wakisalimiana mwangaluka njiani wakanyamaza. Akauliza, Kasimiri alilelewa na kinywa gani? Si hiki? Mbona Kasimiri hukumwonea kinyaa? Akasema wasichana wa misheni wanaogopa mate ya wazee tu, ya waume zao hawayaogopi. Wanawake kisimani walicheka wiki nzima. Kila nikishuka na ndoo, mmoja wao, mama yake Tobias, ananiuliza kama maji nayo nimeyaosha.

Mama mkwe akaacha kula ugali wangu. Akawa analala ameelekea ukutani. Akamwita kaka yake Lugembe, mzee mpole sana, naye akaniweka chini akaniambia kwamba mtoto ni wa ukoo, na kwamba bibi kunyimwa mjukuu ni jambo la kuitiwa wazee. Nikamjibu simnyimi mjukuu. Ambebe, amwimbie, amlaze. Kinywa chake tu ndicho sikitaki. Lugembe alikuna kichwa, akasema hilo hajawahi kulisikia. Dada, niliogopa. Kasimiri hayupo, wewe uko Usoke, na mimi hapa ni mwanamke wa kuja. Lakini kila nikimtazama Katarina na vile vijino vyake viwili vyeupe, namkumbuka panya aliyekufa ukutani, na moyo unakuwa mgumu.

Wiki ya sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa, jino lilimgeuka. Shavu likaumuka, jicho moja likafunga, kinywa hakifunguki hata kupitisha kijiko. Na vitonge vya sikukuu ni vyake kila mwaka, baada ya misa watu hawaondoki mpaka wapate. Tende zimeshanunuliwa. Karanga nimeshatwanga. Nikamwona amekaa na bakuli tupu mapajani, machozi yanashuka kwenye lile shavu, na kwa mara ya kwanza tangu ugomvi wetu nilimhurumia.

Nikamwambia, mama, twende hospitali mjini, dresa alitoe jino hilo. Akakataa. Anaogopa dresa kuliko kaburi. Nikamwambia tende nitaziloweka kwenye maji ya moto, nitatwanga, vitonge vitakuwapo. Nikafanya vichache, nikampelekea. Aligusa kwa ncha ya ulimi, akasukuma mkono wangu. Haya, akasema, ni matope ya kufyatulia matofali. Watu watajua. Watasema Siwema amekwisha.

 Kisha tukapatana. Masharti yangu yalikuwa mawili: aende akang'olewe jino, na ashike rozari aape kwamba hatamtafunia Katarina tena, liwe jino au lisiwe. Akasema sawa, ila naye ana sharti moja. Sharti hilo nitakuambia, subiri kidogo, kalamu inasita.

Tulikwenda mjini kwa miguu, mimi na mtoto mgongoni, yeye na kichwa amekifunga kitenge. Dresa alipoingiza koleo mama mkwe alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Jino lilitoka na kipande cha nyama na maji ya kijani. Na harufu iliyofuata! Dresa mwenyewe aligeuka akatazama dirisha. Nilidhani tumemaliza karaha, kumbe aliliomba, akalifunga kwenye pindo la kanga, na njia nzima kurudi Kwihara kila aliyetusalimu alifunuliwa pindo akaonyeshwa.

Sikukuu ikafika. Vitonge viliisha kabla Padri hajavua kanzu, ikabidi tumtolee vile tulivyoficha. Mama yake Tobias, yule yule wa kisimani, alisema tena kwa sauti kwamba mwaka huu Bibi Siwema amejipita mwenyewe, ni laini kuliko siku zote. Mama mkwe alikaa na shavu lake limefungwa kitambaa, anaitikia kwa kichwa kama bibi harusi. Vilivyobaki mafichoni alivipanga kwenye kopo kwa mkono wake, akasema hivi ni vya dada yako mzazi, vitamrudishia damu, akampa Damas.

Sasa sharti lake. Sharti lilikuwa kwamba vitonge vya sikukuu visitoke kwenye maji ya moto. Vitoke kinywani kama vilivyotoka siku zote, na kinywa kiwe changu.

Nilitafuna mimi, dada.

Alinikalisha kwenye kigoda kile kile, mlango umefungwa. Nilisukutua kwa maji ya chumvi mpaka ulimi ukawaka. Tende ya kwanza niliitema na chai yote ya asubuhi. Ya pili nilifumba macho. Yeye amesimama juu yangu na shavu lake, hawezi kusema vizuri, ananielekeza kwa vidole: usimeze, geuza, bado ngumu, haya, tema. Nikaona uzi wangu mwenyewe unaning'inia bakulini. Nikaukata kwa kidole kama alivyokuwa anaukata yeye. Taya liliniuma siku tatu. Mpaka leo nikinusa tende mate yananijaa, si ya hamu.

Nikiwa pale nilikumbuka alivyokuwa akisimulia marehemu mama, kwamba aliponiachisha ziwa akiwa mgonjwa, wewe ndiye uliyekuwa unanitafunia karanga, mtoto mwenyewe, mpaka mashavu yakakuuma ukawa unalia huku unatafuna. Nilitumaini nikikumbuka hilo kinyaa kitapungua. Hakikupungua hata chembe. Ila sikuinuka kwenye kigoda. Katarina alikuwa upande wa pili wa mlango anabwabwaja, nikawa namsikiliza yeye.

Basi, hivyo ulivyovificha chini ya kitanda shemeji asivione, ni vya kinywa changu. Usiteme, umeshachelewa.

Karamu ya Anton fanya hivi, na usikubali mtu akufundishe vingine. Pasua kila tende, fukuza mwenye nyumba, toa kokwa. Mimina maji ya moto, funika toka asubuhi hadi mchana. Kamua, twanga peke yake mpaka iwe laini, kisha utie karanga na asali, uviringishe kwa mikono iliyooshwa. Havitang'aa kama vile. Wazee watasema vina ladha ya maji. Waache waseme.

Kiapo mama mkwe amekishika. Siku hizi anamlisha Katarina tende za kuloweka, kwa kijiko nilichonunua kwa Kuluthumu. Lakini ungemwona uso wake, dada! Anakishika kijiko kwa vidole viwili, mbali na mwili, pua imekunjwa. Jana aliniuliza kwa uchungu wa kweli ninawezaje kumtia mjukuu wake mdomoni kitu cha dukani ambacho hajui kimeshikwa na nani. Nikamwambia nimekichemsha. Akasema hata ukichemsha, na akatetemeka mabega, kama nilivyotetemeka mimi siku ile nilipomkuta kwenye kigoda.

Nisalimie shemeji, na umbusu Anton utosini. Mama mkwe anakusalimu, anauliza kama damu imerudi. Mjibu imerudi. Kopo mpe Damas, lakini lichemshe kwanza, na barua hii ichome, asije akaisoma mtu wa parokia yetu. Mungu akulinde wewe na wote walio chini ya paa lako.

Ni mimi mdogo wako uliyemtafunia, nami nimekulipa,

Apolinaria