Upande wa Mama kwenye Sinia

Jumamosi, 14 Juni 2025

Majibu ya kliniki yametoka. Mama ana sukari. Kapewa vidonge na onyo kuhusu chakula. Basi, kuanzia leo mie ndiye mkubwa wa jiko! Mpango nimeutoa kwenye grupu la WhatsApp la walimu wenzangu – wiki sita Mama hali wanga. Hakuna ugali, wali, muhogo, wala tunda. Sukari yote ya ndani nimempelekea jirani, Bi Tabu, ili Mama asiione. Mdogo wangu Mwishehe kanicheka: Dada, hiyo diet au jeshi?

Mchana nimemtengea Mama sahani yake. Mchicha wa kuchemsha, tango, yai. Sie watatu – mie, Mwishehe na binti yangu Farida – tumekaa mkekani kuzunguka sinia kama siku zote. Mama kaitazama ile sahani, kauliza, nimekosa nini? Hujakosa, Mama, ni afya yako. Kaichukua, kaenda kukaa uani peke yake. Nikaona afadhali, asije akatamani.

Jumatano, 18 Juni

Leo samaki, vibua. Ndipo nimegundua hatuna mchambuzi! Mama ndiye aliyekuwa akitoa miiba, minofu anasukuma upande wa kila mtu. Tumechokoachokoa kama kuku. Farida kakwamwa na mwiba, kalia. Nimemkaripia kwa pupa yake. Mama kaita kutoka uani, mpeni tonge la wali ameze. Mwiba umeshuka.

Jumapili, 29 Juni

Mama kapungua! Dera linamcheza mwilini. Majirani wananisifu, mwalimu una msimamo. Nimevimba kichwa, nakiri.

Ila hasemi kitu siku hizi. Zamani habari zote za mtaa tulizipata kwenye sinia – nani kachumbiwa, nani kagombana na nani. Sasa anakula, anaosha sahani yake, anaingia chumbani.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemfuma! Natoka shule, napita kwa Bi Tabu, namkuta Mama kwenye mkeka wa watu na kitumbua mkononi. Nimempigia kelele mbele za wageni. Mama yangu mzazi! Kama mtoto wa darasa la tatu. Kakirudisha kitumbua sahanini, kajifuta mdomo kwa ncha ya khanga, kanyanyuka. Bi Tabu kaniambia kitumbua alimlazimisha yeye, Mama alikuja kukaa na watu tu. Naye nimemjibu ovyo.

Naona aibu. Lakini ningefanyaje? Baba alikufa na sukari hii hii, nami nilikuwepo. Mama sitaki anifie.

Jumamosi, 12 Julai

Mama kaanguka.

Jana hakula kabisa. Kamwambia Farida, bora nisile, nisije nikakosea tena. Vidonge akameza kama kawaida. Leo asubuhi jasho jembamba, anatetemeka, anamwita Mwishehe kwa jina la marehemu Baba. Mwishehe anapiga kelele, sukari ya mwili imeshuka hiyo, leteni sukari! Sukari iko wapi, dada? Ndani hamna hata punje. Bi Tabu kaja mbio na kikombe cha maji ya sukari. Sukari yangu ile ile. Kamnywesha kidogo kidogo, kamshika kichwa. Mie nimesimama mlangoni, sina hata la kufanya.

Hospitali wamemlaza. Anaongea.

Jumatatu, 14 Julai

Nesi wa lishe kaniita. Anaitwa Kokushubila, mama wa Bukoba, mpole. Nimejitetea sana – grupu, wiki sita, kilo zilizopungua. Hakunifokea. Heri angenifokea. Kasema vidonge hivi na njaa haviendi pamoja. Kasema mle chakula kimoja nyumba nzima, wali upungue, mboga ziongezeke, soda ziishe, jioni atembee kidogo. Fanyeni mnachoweza kukifanya hata mwakani, mwalimu.

Kisha kauliza, zamani alikuwa akilaje? Nikaanza kumweleza habari ya sinia. Anachambua samaki, anatusogezea, anapiga stori. Sie matonge matatu, yeye moja. Hapo ndipo nikaona. Tulipokuwa tunakula pamoja, Mama ndiye aliyekuwa akila kidogo kuliko wote. Nimelia palepale kwenye benchi, watu wananitazama.

Jumapili, 3 Agosti

Kila jioni tunatembea mpaka karakana ya Mwishehe, kule wanakotengeneza vitanda na sofa. Mama anapumzika kwenye kila sofa lililowekwa barabarani. Mafundi wamemzoea. Shikamoo bibi, utanunua lini? Marahaba, bado nachagua. Kacheka! Sijamsikia akicheka tangu Juni.

Kipimo kizuri, nesi kafurahi. Chakula sasa ni kimoja – wali kidogo, mchicha mwingi, maharage, samaki. Lakini Mama hakai nasi. Anajipakulia kwenye ile sahani yake, anakwenda uani. Siku ya kwanza nilidhani ni hasira. Leo nimemwuliza. Kasema hana kinyongo. Nimeshazoea, mwanangu. Kasema kwa upole kabisa, na hapo ndipo iliponiuma. Kutembea bado namkumbusha kila siku. Kula peke yake hakumbushwi na mtu.

Ijumaa, 15 Agosti

Leo nimeificha ile sahani. Mwishehe katoka msikitini, tumelibeba sinia mpaka uani, tumeliweka kwenye mkeka wake. Samaki changu mzima juu ya wali. Farida kamwachia Bibi yake nafasi. Mama katutazama mmoja mmoja, kauliza, sahani yangu iko wapi?

Nimepiga magoti. Mama, nilikukosea, nisamehe. Kanishika kichwa. Kasema nilikusamehe siku ile ile, mbona. Kisha kauliza tena, sahani?

Nimeingia ndani, nimesema naitafuta. Nimekaa kitandani, sahani iko mapajani, naandika haya ili nisilie mbele yake. Jagi la maji na beseni la kunawia nimeviacha miguuni pa Mama. Dirisha liko wazi, nawasikia. Hakuna aliyeanza kula. Mwishehe anasema, Mama, nawa, chakula kinapoa. Sasa Farida – Bibi, mie nani atanitolea miiba?

Bado sijasikia maji.