Mama wa Refa

4 Machi

Babu yangu,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na miguu inakwendaje siku hizi? Mimi mzima wa mwili, ila roho haijatulia. Kazi ni ile ile, kufua na kukunja mashuka ya hospitali. Mashine zinanguruma kutwa nzima, hata wenzangu wakitaka kuambiana neno wanaonyeshana kwa mikono. Nikitoka narudi chumbani, nafungua dirisha, naangalia ukuta wa jirani. Lugha ya watu wa huku sasa naisikia vizuri, lakini anayenisemesha ni yule wa dukani tu, naye huniuliza kama nataka mfuko.

Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita. Nafikiria nisiuongeze, nirudi zangu. Usimwambie Mama kwanza.

Nisalimie Bibi.

Mjukuu wako

19 Machi

Mke wangu,

Marahaba. Sisi wazima, miguu bado inanibeba. Mke mwenzio anakusalimu na anasema ule ushibe. Hilo la kurudi nimelifungia kinywani. Ukija utapokelewa, hapa ni kwako. Ila usirudi kwa sababu ya ukuta wa jirani.

Hivi huko kwenu hakuna timu ya mpira? Sisemi zile kubwa za kwenye televisheni. Nasema timu ya mtaa, ambayo watu wake wanajuana. Nenda Jumamosi, kaa jukwaani, piga kelele na wenzako. Mimi nimepuliza filimbi miaka mingi, mpaka kwenye miji ambayo hata salamu zao sikuzijua, na nikitoa penalti tulikuwa tunaelewana vizuri sana. Wao walinitukana, nami nikajua nimetukanwa.

Samahani kwa mwandiko, kalamu mbovu.

Babu yako

9 Aprili

Babu,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama wote. Nimekwenda mpirani!

Uwanja uko nyuma ya kiwanda cha matofali, una jukwaa moja la mbao. Nilinunua skafu ya timu ili nisionekane mgeni, kumbe nimeivaa ndani nje. Watu walikuwa wamebanana, isipokuwa sehemu moja, ambapo mama mmoja mzee mwenye koti la kahawia alikaa peke yake na viti vitupu kila upande. Nikasema hapa hapa pananifaa.

Kipindi cha pili timu yetu ikafunga, uwanja ukalipuka, na refa akalikataa bao. Babu, jinsi walivyomtukana mtu yule, wewe ungejisikia nyumbani. Lakini mimi nilikuwa nimekaa sambamba na beki wa mwisho, na niliona. Nikajikuta nimesimama, mkono juu, napayuka kwa Kiswahili, "Ameotea huyo! Refa yuko sahihi!" Maneno hawakuyaelewa, ila mkono waliuelewa. Jamaa mmoja mnene nyuma yangu akauliza nimelipwa na nani.

Yule mama akanishika mkono wa koti, akataka kujua nimesema nini. Nikamtafsiria. Akamwonyesha refa kwa kidole, akasema, "Yule ni mwanangu."

Kumbe kila mechi anayochezesha mwanawe, yeye huja. Wanamjua, ndiyo maana hakai naye mtu. Tulikunywa chai kutoka kwenye chupa yake mpaka filimbi ya mwisho, na Jumamosi ijayo ameniwekea nafasi.

Sasa lako. Bibi amenipigia simu, maana wewe na simu hamtazamani. Anasema unamimina chai nje ya kikombe, na wiki iliyopita ulilisalimia koti lililotundikwa mlangoni. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, kitu cha kupasuliwa na kurudi nyumbani, nawe ukainuka kwenye kiti ukaondoka. Kalamu si mbovu, Babu.

Mjukuu wako

28 Aprili

Mke wangu,

Marahaba. Sisi wazima, na mwambie mke mwenzio kwamba lile koti lilikuwa limesimama kama mtu.

Enzi zangu mashabiki waliniita kipofu viwanja vyote. Leo niende hospitali kuwathibitishia?

Basi, hilo ni la kucheka. Lingine nakwambia wewe peke yako. Ninachokiona sasa ni ukungu, lakini ndani ya ukungu huo namtambua bibi yako kwa anavyotembea. Wakikosea na kisu chao, hata huo ukungu sina. Kwa hiyo usinisukume.

Niambie habari za huyo mama. Mwanawe anakimbia, au anachezesha amesimama katikati kama mlingoti?

Babu yako

22 Mei

Babu,

Shikamoo. Vipi hali, na Bibi hajambo?

Anakimbia. Tena anakimbia vizuri. Lakini mwanzoni mwa mwezi alitupatia balaa. Aliwapa wageni penalti mpira unaelekea kwisha, tukafungwa. Watu wakamngoja nje na mabonge ya matope. Mimi na mama yake tulimtoa kwa mlango wa nyuma, tukaenda naye kwao. Ni pande la mtu, lakini alikaa jikoni na viatu vyake vya matope kama mtu mwenye homa. Akasema, "Mama, nimekosea. Niliona mkono, haukuwa mkono."

Nilidhani mama atambembeleza. Alimwekea sahani mbele, akasema, "Ndiyo, umekosea. Jumamosi utakwenda?"

Akajibu kwamba anaogopa.

"Sikukuuliza kama unaogopa," mama akamwambia.

Alikwenda. Walimzomea tangu anaingia, na kwa muda filimbi yake ilitoka nyembamba kama ya ndege. Baadaye ikakaa sawa. Na yule jamaa mnene aliyetaka kujua nimelipwa na nani alishuka, akaketi karibu yetu, akinung'unika kwamba huku kunaonekana vizuri zaidi. Siku hizi ananiita Kibendera, na nikichelewa ananishikia kiti.

Babu, mkataba nimeuongeza. Nimeshamwambia Mama, amelia kidogo kisha akauliza kama nina blanketi la kutosha.

Na wewe sikuulizi kama unaogopa.

Mjukuu wako

3 Julai

Babu,

Shikamoo. Sijapata barua yako, na simu ya Bibi haipatikani. Mama anasema nyumba yenu imefungwa na majirani wanajibu kwa mafumbo. Kama nimevuka mpaka, nigombeze, lakini niandikie.

Mjukuu wako

25 Julai

Mke wangu,

Marahaba, marahaba sana. Hukuvuka mpaka wowote. Nilikasirika, hilo sikufichi. Nikaenda kulala na hasira yangu, nikaamka nayo, na mwisho tukaenda wote hospitali, mimi na hasira. Sikumuaga mtu. Bibi yako alipojua alinikuta wodini, na kwa kuhamaki akaidondosha simu kwenye ndoo ya kudekia. Majirani niliwaambia mimi wasiseme, maana kama mambo yangeharibika nilitaka uyasikie kwangu.

Hayakuharibika. Jicho la kwanza limefunguliwa, la pili mwezi ujao. Daktari alikataza kuinama, ndiyo maana sikuandika.

Walipoondoa bandeji mtu wa kwanza kumwona ni bibi yako. Nikamwambia amezeeka. Akanijibu kwamba yeye amekuwa akinitazama mimi muda wote huo na hajasema kitu. Tulicheka mpaka nesi akaja kutunyamazisha.

Leo nakuandikia nikiwa uwanjani, ubao wa kuandikia ni goti langu. Mafundi magari wanacheza na maseremala. Sikuwa nimefika hapa tangu macho yaanze kufifia. Mke wangu, nimeuona mpira unatoka goli hili mpaka goli lile bila kupotea njiani! Nimeona hata kamba za viatu vya kipa.

Refa wao amebanwa na misuli, amelala pembeni ananyooshwa mguu. Wamenifuata wanataka nimalizie kipindi cha pili. Nimewaambia daktari kanikataza kukimbia. Wakasema basi nitembee, nao watacheza polepole. Hebu fikiria, timu mbili nzima zinaahidi kucheza polepole.

Nimekubali. Wameniletea filimbi ya kuazima na bado wananiita. Mpe salamu mama wa refa, mwambie tumeanza.

Babu yako