Simu ya Hamad Kutoka Unguja

Jumanne, baada ya Isha

Sindano bado inauma. Hata hivyo, afadhali nimekwenda.

Tangu Hamad, mume wangu, aliponipigia kutoka Unguja akasema ametibiwa kisonono, "na wewe nenda ukapime," sijalala vizuri. Alipokuja nyumbani mara ya mwisho nilikuwa hedhini, kwa hivyo tulifanya kwa mdomo tu, bila kinga. Nikajiambia mdomo hauna hatari. Kisha koo likaanza kuwasha.

Leo spitali, hapa Chake Chake, nilishindwa kumtazama nesi usoni. Mwenyewe akanisogezea kiti. "Kisonono huingia hata kooni, dada, na kaswende pia. Ukimwi kwa njia hiyo ni nadra, lakini tupime."

Akanichoma sindano ya kutibu kisonono. Majibu ya damu, ya kaswende na Ukimwi, ni mazuri. Ila nirudi kupima tena, kwa sababu bado ni mapema. Hilo "mapema" ndilo linalonitesa.

Nilimuuliza Hamad alikuwa na nani huko. Akakata simu.

Jioni mama yake, ninayekaa naye hapa, alinisikia nikikohoa. Akanichemshia tangawizi, akakaa karibu yangu mpaka nikamaliza kikombe.

"Pole, mwanangu. Hamad akisikia unaumwa hatopata usingizi kule. Ana huruma sana yule."

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka.

Nikasema, "Ahsante, mama," nikaenda uani kuosha kikombe, na huko ndiko nilikolia.