Mwanao Arvil na Waya Mweusi

Caney Fork,
Kentucky.
Jumatatu, 16 Oktoba 2023

Mpendwa mdogo wangu Verlie,

Kwanza hiyo nyonga. Kabla sijasema jingine nataka kujua nyonga yako inaendeleaje, maana barua ya mwisho ulisema umeanza kutembea bila mkongojo halafu ukanyamaza, na mimi huku nakaa nawaza umeanguka bafuni. Mvua ya huko Oregon imepungua? Na yule paka wako mwenye jicho moja? Mimi mzima. Macho yanaona, magoti ndiyo hayo hayo, na meno niliyobaki nayo unayajua. Anayeandika ni Ronda, mke wa mwanangu Arvil. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno.

Mitufaha mwaka huu imezaa mpaka matawi yanavunjika, na sijapika hata chungu kimoja cha jamu yake. Kwa sababu sina meza. Meza ya jikoni, ile aliyoitengeneza baba, mwanao Arvil ameigeuza karakana tangu Agosti. Ukitaka kula unakula umesimama kama farasi.

Tangu lile paa la mgodi limwangukie mgongoni, na huu unakwenda mwaka mmoja na nusu, Arvil alikuwa mtu wa kitandani na televisheni. Kwa daktari anakwenda, basi. Kanisani hapana, dukani hapana, wenzake wa mgodini wakija anajifanya amelala. Ronda alikuwa analia huku anaosha vyombo akidhani sisikii. Hapa ameacha kuandika, nimemwambia aendelee, si ni kweli?

Halafu baridi iliyopita akaanza kurusha droni za mashindano kwenye mchezo wa kompyuta. Unavaa miwani mikubwa kama ya mchomelea vyuma, unaona kama vile umekaa ndani ya kidude chenyewe unapaa. Akasema ataunda ya kwake. Akaandikisha jina kwenye mashindano ya pale uwanja wa maonyesho, Jumamosi tarehe kumi na nne. Jina lake, Verlie, kwa mkono wake mwenyewe. Mimi na Ronda tukatazamana kwa woga. Tulijua kidude kisiporuka siku hiyo atarudi kitandani, na safari hii hatoki.

Kidude chenyewe ukikiona utacheka. Kinaenea kwenye sahani. Mikono minne, mota nne kama vifuniko vya chupa, katikati vibao viwili vya sakiti vimebebana. Kimoja kinagawa umeme kwa mota, kingine ndio akili. Halafu kamera na antena yake. Betri inafungwa juu kwa mkanda. Nyaya mbili nene zinatoka kwenye kibao kwenda kwenye betri, mmoja mwekundu, mmoja mweusi. Hizo mbili ndizo zilizonipandisha presha.

Shule mimi niliiacha darasa la pili, unajua, wewe ndiye uliyebaki unasoma. Lakini miaka ishirini na miwili nimelehemu redio kule kiwandani ng'ambo ya mlima. Yule msimamizi wetu Bi Eula alikuwa anapita nyuma yetu na kioo cha kukuzia, akiona risasi ya kulehemia imekaa kama donge la uji anaing'oa mbele ya watu wote. Siku moja aling'oa zangu kumi na moja. Nilimchukia mpaka alipokufa, halafu nikaenda kumzika na keki nikapeleka. Basi, risasi naijua. Ikikaa vizuri inang'aa na kulala kama tone la maji. Ikishika vibaya inakuwa ya kijivu, imenuna.

Za Arvil zilikuwa zimenuna zote. Nikamwambia niachie nikulehemie. Akasema yeye ni fundi umeme, amefunga mitambo ya mgodini mikubwa kuliko nyumba hii, hawezi kushindwa na kitu cha kuenea kwenye sahani. Nikamwambia basi avae miwani ya kusomea, zile alama kwenye kibao ni ndogo kuliko viroboto. Akasema anaona. Haoni, Verlie. Juzi juzi alitia chumvi kwenye kahawa, akainywa yote ili asikubali.

Jumapili ya mwisho ya Septemba mimi na Ronda tumetoka kanisani, hata kofia sijavua, tukamkuta anachomeka betri. Pakalia pu, kama punje ya mahindi ikipasuka kwenye sufuria, moshi ukapanda mpaka kwenye taa, na ile harufu ya redio iliyokufa, ambayo mimi siwezi kuisahau. Kibao cha mota kimekwisha. Arvil akasema ni kibovu, wamemuuzia takataka. Akaenda kulala saa saba mchana. Ronda akafungua madirisha, akawa anapunga taulo.

Siku ya tatu akaamka, akaagiza kingine. Kikafika Jumatano iliyopita, zimebaki siku tatu, na hakukuwa na muda wa kupata cha tatu. Akakaa tena, bila miwani, akalehemu tena, zikanuna tena. Mimi nikaenda kwenye lile gari bovu la marehemu mume wangu Hobert nyuma ya banda la kuku, nikang'oa balbu ya taa ya nyuma. Kiwandani redio usiyoiamini huichomeki moja kwa moja. Unapitisha umeme kwenye balbu kwanza. Balbu ikimulika mara moja ikazima, uko salama. Ikiwaka ikabaki inawaka, ndani kuna shoti, chomoa, na ule moto umeliwa na balbu badala ya redio. Nikamwekea mezani.

Akasema hayo ni mambo ya redio za zamani. Tukagombana asubuhi nzima mpaka mbwa akaondoka akaenda kulala barazani. Nilisema maneno ambayo Ronda sitamwandikisha, na yeye aliyasema ya kwake. Mwishowe Ronda, ambaye miaka yote hii hajawahi kusimama kati yetu, akaichukua ile betri akaitia mfukoni mwa aproni. Akasema haitoki humo mpaka balbu ifungwe. Anataka kuiruka sehemu hii, nimemkatalia.

Arvil akaifunga kwa hasira, akachomeka. Balbu ikawaka, nyeupe kabisa, ikabaki inawaka.

"Chomoa," nikamwambia.

Akachomoa. "Balbu yako mbovu, Mama."

"Ule waya mweusi umeupeleka wapi?"

"Kwenye moto. Uende wapi tena? Waya mweusi ndio wa moto, Mama. Miaka ishirini na sita nafanya kazi hiyo."

Nikatamani kumpiga kwa mwiko. Maana umeme wa nyumbani na wa mgodini katika nchi hii, kweli, waya mweusi ndio unaoua, fundi akiuona tu mkono unarudi wenyewe. Lakini kwenye betri mambo ni kinyume. Mwekundu ndio wenye moto, mweusi ni wa chini, upande wenye alama ya kutoa. Hata Bi Eula na ubaya wake wote hilo alitufundisha siku ya kwanza. Mwanangu hakutazama alama, alifuata mkono wake, na mkono umekaa mgodini miaka ishirini na sita.

Nikamwambia hivyo. Akaenda chumbani akarudi na miwani puani, akakiinamia kibao muda mrefu. Nikasubiri anijibu jeuri. Akanisogezea chuma cha kulehemia bila kunitazama.

"Lehemu wewe," akasema. "Mimi nitakusomea alama."

Tukazing'oa zote. Sio nyaya mbili tu, zote, sikubali kuacha risasi iliyonuna ikae na jina langu. Yeye anasoma hapa kujumlisha, hapa kutoa, mimi nachomea, mpaka mgongo wake ukakataa na magoti yangu yakakataa. Akachomeka kupitia balbu. Ikamulika mara moja, ikazima. Mota zikalia kisauti kama vifaranga. Ronda akatoka nje, akasema anakwenda kuwaangalia kuku.

Jumamosi alikwenda, kwa hiyo usikae na wasiwasi. Raundi ya kwanza akagonga geti la pili la kupenyea, droni ikaanguka kwenye majani. Raundi ya pili akamaliza, wa mwisho. Mkono mmoja wa droni umevunjika na mota moja imekwisha. Njia nzima kurudi, dakika arobaini, hakufunga mdomo. Eti mwamuzi kipofu, mwenye shati la kijani kamkata kwenye kona, upepo, jua. Nilichoka, nikamwambia wewe umekuwa wa mwisho, nyamaza. Hakunyamaza. Verlie, mtu huyu kwa mwaka mmoja na nusu hajakasirikia kitu chochote isipokuwa mgongo wake.

Leo asubuhi nimeamka hayupo. Hakuaga, hakuniambia lolote, hata sahani yake ameiacha kwenye kiti. Kumbe amepanda gari peke yake kwenda kwa mtu aliyekutana naye pale uwanjani, mwenye mota ya akiba. Na mlango wa mbele ameuacha wazi, baridi yote inaingia ndani. Nimemtukana hayupo. Ronda akainuka kwenda kuufunga, nikamwambia auache kwanza hivyo hivyo, nikae nautazama alipotokea.

Nisalimie Lester, mwambie asiruhusu ubebe kuni. Msalimie Patsy na wanawe, na yule mchungaji wenu mrefu. Ronda anakusalimu mama mdogo, na Arvil angekusalimu kama angekuwepo. Mungu aishike hiyo nyonga yako mahali pake na akufikishe salama kwenye masika.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni,

Delphia