Njia Uliyoikwangua kwa Wembe

Mzee, kamwene.

Sijui kama huko uliko watu wanaamkiana, lakini wewe hukuwahi kunijibu neno la kazi kabla sijakuamkia, kwa hiyo naanza hivyo hivyo. Ni mimi Tulizo, mwanafunzi wako wa kuchora ramani, yule uliyempa meza ya dirishani ukamkataza kuegemeza viwiko kwenye mchoro. Nakuandikia kwa sababu nimekushuku, Baba Neema. Wiki tatu nzima. Nikila nakushuku, nikiimba kwaya nakushuku, na sina wa kumwambia isipokuwa wewe mwenyewe.

Kwanza nikupe habari. Tangu tukuzike masika mawili yamepita, na hapa Makambako ungepotea. Biashara imekuwa ruksa kwelikweli. Magari yaliyotumika yanashushwa kutoka Dubai, na kila mwenye gunia kumi za viazi anaota pikapu. Mtu akigawiwa kiwanja leo haulizi maji yako wapi wala shule iko wapi, anauliza geti litakaa upande gani. Bosi mpya wa ofisini kwetu Njombe ameniambia nichore barabara pana na niachane na vichochoro vya kizamani. Aliyasema hayo asubuhi ya mvua, na yeye mwenyewe alikuwa amekuja kwa miguu. Nilimwangalia tu viatu.

Unaukumbuka mtaa wetu wa Lyamkena? Nasema wetu kwa sababu uliuchora wewe na wino nikapitisha mimi. Siku ya kwanza nilifika na kamba na vigingi vya kupimia, nikijiona mtaalamu, nikakukuta umekaa kwenye jiwe na kikapu cha majivu. Tukangoja. Kina mama walipotoka kwenye chemchemi ya bondeni na ndoo kichwani, ukawafuata nyuma unamwaga majivu pale pale walipokanyaga. Upepo wa Makambako ukakupaka yote usoni. Wakakucheka, mmoja akasema mzee huyu mchawi, na wewe ukaendelea tu na kikapu chako. Jioni tulipopanda juu na kuangalia chini, njia zote zilionekana nyeupe, na ukaniambia, "Gari lina mafuta, litazunguka. Mwenye ndoo asizunguke."

Ndivyo ulivyoupanga mtaa ule. Shule, zahanati na soko dogo katikati, njia za miguu zikikatiza nyuma ya viwanja, na barabara ya magari ikapita pembeni. Ulitaka mama aweze kwenda sokoni na kurudi kabla maharage hayajaishiwa maji jikoni. Wakubwa walipouliza magari yatapita wapi, uliwaambia mtaa mzima una magari mawili na moja halina magurudumu. Nilitoka nje kucheka.

Sasa sikiliza kilichonitokea. Mwezi uliopita nilikwenda kusali Makambako, nikakaa na Mama Neema. Akanieleza kwamba siku hizi anapanda pikapu kwenda zahanati. Mama Neema! Mama aliyekwenda msibani Kitandililo kwa miguu na kurudi siku hiyo hiyo, kisha akapika! Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Njia imezibwa, mwanangu," halafu akageuza uso akaanza kukunja kitenge chake. Nilipaswa kumuuliza kwa nini anageuza uso. Sikuuliza, nilishakasirika.

Nikaenda moja kwa moja kuangalia. Ile njia kubwa ya miguu, iliyotoka chemchemi kupanda juu, imekatwa na ukuta wa matofali. Ukuta ni wa Mzee Salum, yule msafirishaji aliyehamia kutoka Kondoa. Na pikapu inayowabeba watu ni ya nani? Ya Salum huyo huyo, inasimama pale njia panda tangu alfajiri. Nikajumlisha mwenyewe. Mtu akizibiwa njia atapanda gari, na mwenye gari ndiye aliyeziba. Nikaingia kwake hata hodi sikupiga sawasawa.

Akaniletea kigoda na chai ya tangawizi. Kisha akaniletea karatasi yake ya kiwanja, na ile njia iko ndani ya mipaka yake, muhuri juu. "Dada, mimi nimejenga nilipoonyeshwa," akasema. Nilipokuwa natoka akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba hata mke wake alikuwa akikatiza kwenye kiwanja changu mimi kabla sijaweka seng'enge.

Hilo nalo nililiona ujanja. Ni kweli nina kiwanja pale, wewe ndiye uliyenisaidia kukipata. Nilipanda viazi, nikajenga msingi wa nyumba. Lakini mimi naishi Njombe, nafika mara moja moja, na kila nikifika nakuta nyayo zimekatiza shamba kona hadi kona. Nikasema hawa ni wezi wa viazi. Nikazungushia seng'enge mistari minne. Unanijua, sikumuuliza mtu.

Jumatatu nikafungua droo ya mchoro wa Lyamkena kuona nani amechezea njia. Ilikuwa imekwanguliwa kwa wembe. Nikapapitishia kidole, Mzee, kwa sababu palikuwa panang'aa. Wenzetu wote ofisini wakikwangua wino wanapaacha na vinyweleo, wino mpya ukija unasambaa. Wewe ulinifundisha kusugua kwa mgongo wa kijiko mpaka karatasi irudi laini, tena kwa kijiko kile kile cha alumini chenye mpini uliopinda. Watu wanaofanya hivyo tulikuwa wawili. Mimi sikufanya.

Basi nikaanza kukuchimbua. Zile bati mpya za nyumbani kwako zilitoka wapi? Kwa nini Salum alitoa gari lake kubeba waombolezaji, na ninyi wawili hamkuwa hata ndugu? Mama Neema aligeuza uso kwa nini? Nikakumbuka na hospitali. Uliniita karibu na kitanda ukasema, "Tulizo, nataka tuongee juu ya kile kiwanja chako." Nami moyoni nikasema haya, mzee anakitaka kiwanja kwa ajili ya Neema. Nikakujibu, "Upone kwanza, Mzee." Tangu siku hiyo nikawa nakuja saa ambazo najua umelala. Naweka matunda mezani, naondoka kwa kunyata. Nesi mmoja aliniambia ulikuwa ukiamka unauliza kama Tulizo amefika.

Hilo linaniuma kuliko yote. Acha niendelee, nisije nikashindwa.

Nilikuwa nataka kukukamata na kosa la pili. Nikauchukua mchoro, nikaubandika kwenye kioo cha dirisha, jua linapiga kwa nyuma. Nikaona mstari wa penseli upande wa pili wa karatasi. Mwembamba, mkono wako. Ulianzia kwenye bomba.

Bomba gani, nikajiuliza, mbona sisi tulichora chemchemi? Ndipo nikaenda kuuliza watu, kwa mara ya kwanza. Wakaniambia chemchemi ya bondeni ilikauka mwaka mmoja kabla hujaugua, serikali ikaleta bomba, likawekwa karibu na shule. Njia yetu kubwa ikabaki haina mtu, majani yakaota. Ukaikwangua, kiwanja kilichopakana nayo kikapanuliwa, akagawiwa Salum. Wala hakuna siri. Na walikuona, Mzee, tayari unakohoa, umerudi na kikapu chako cha majivu kufuata miguu ilikohamia.

Imehamia kwangu. Mstari wako wa penseli unaingia kwenye kiwanja changu kona ya juu na kutokea kona ya chini, pale pale nilipoona nyayo za wezi. Pembeni umeandika kwa herufi ndogo, "Mwulize Tulizo kwanza."

Nilikaa chini sakafuni ofisini. Bosi akaingia, akauliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo.

Basi ndiyo maana hukupitisha wino. Ungeweza. Ulikuwa mkubwa wangu, kiwanja ulinitafutia wewe, ungechora tu nami ningenyamaza. Ukangoja uniulize, na mimi nikakukimbia. Ukuta wa Salum haukumzuia mtu yeyote. Aliyempandisha Mama Neema kwenye pikapu ni mimi na seng'enge yangu, na yeye hakutaka kunitia aibu mbele ya kanisa.

Bati zilikuwa za kiinua mgongo chako. Nimeuliza hilo pia, na naona haya kukwambia kwamba nimeuliza. Kwa Salum nimerudi nikamwamkia vizuri, nikaomba radhi, akacheka akamimina chai. Bado namwangalia kwa jicho moja, lakini hiyo ni tabia yangu, si kosa lake.

Jumamosi nilikata seng'enge. Nilibeba kikapu cha majivu, na Mama Neema akatangulia na ndoo kichwani, anatoka bombani. Sikumwelekeza. Alipita katikati ya viazi, akafika kwenye msingi, akasimama. "Pole mwanangu, hapa ni sebuleni?" Nikamjibu palikuwa sebuleni, apite tu. Akavuka tofali moja, la pili, mimi nyuma namwaga. Nyuma yangu wakaja wengine, hawakuulizwa na hawakuuliza, wanapiga soga za bei ya mahindi kana kwamba uzio haukuwahi kuwepo. Upepo ukanipaka majivu yote usoni. Safari hii mchawi ni mimi.

Kiwanja kimebaki vipande viwili, kimoja cha nyumba ndogo na kimoja cha viazi. Bosi atauliza nani anakatiwa ardhi kwa ajili ya kichochoro. Nitamwambia ni mimi, na najua atanishuku kuwa nina langu jambo. Ashuku. Nitamwalika aje kwa miguu.

Pumzika sasa, Baba Neema. Nilikuwa nimekunyima hata usingizi wa kaburini. Naahidi Jumatatu nitapitisha wino juu ya penseli yako, na kwamba katika mitaa mingine nitakayochora nitakwenda na kikapu kabla ya kamba. Nikikosea nitakwangua na kusugua. Kijiko chako ninacho, Mama Neema amenipa, mpini bado umepinda.

Uliandika niulizwe kwanza. Jibu ni ndiyo, Mzee. Pita.

Mwanafunzi wako,
Tulizo