Nukta Zilizopanda Kilima

Jumatatu, 12 Januari 2026, Columbus
Kimbunga kitafika usiku, saa za kule, kwenye visiwa tunavyovihudumia kwa mbali. Nipo ofisini kwa mwenzangu wa kazi Theresia, Mtanzania aliyeunda mfumo wa tahadhari. Kwenye ramani yake kila simu ya mtaa wa pwani ni nukta. Ujumbe ulitoka: kaeni tayari, malori yanawafuata. Kisha nukta zikaanza kupanda kilima — karibu zote. "Wamejihamisha wenyewe," Theresia akawaambia waokoaji. "Malori yaende kaskazini." Yakaenda.

Jumatano, 14 Januari, Buffalo
Theluji hadi magotini. Theresia amekuja kuwaonyesha wafadhili ramani. Kabla hajaitwa, picha zikaingia. Mtaa wa pwani haupo. Mabati yamekata watu vichwa. Mwanamke kabanwa ukutani na jokofu lake mwenyewe.
Fundi wa mnara wa simu kule alieleza. Umeme ulikatika, watu wakaacha simu zichajiwe kwenye duka la sola kilimani, kama kawaida yao. Wakarudi nyumbani kusubiri malori.
Theresia alitapika kwenye pipa la taka. Kisha akaingia, akasema yote. Mfadhili mmoja aliuliza kama mfumo utarekebishwa kabla ya Aprili.

Alhamisi, 15 Januari, njiani
Naendesha mimi. Cubaka, Mkongo wa Louisville, anatupigia simu tangu jana. Mkewe Agata alikuwa mtaa wa pwani, akisubiri karatasi za kuja huku. Nilimwambia Theresia amjibu kwa simu. Hataki; anataka kumwambia uso kwa uso.

Ijumaa, 16 Januari, Louisville
Mtaa wa Newburg, sebuleni kwa Cubaka. Bado amevaa buti za kazi ya ghalani. Alimsikiliza Theresia hadi mwisho.
"Donc, yaani simu ilipanda mulima, bibi yangu Agata akabakia chini?"
"Ndiyo, kaka."
Ngumi ya kwanza ilimvunja Theresia pua. Ya pili niliipokea mimi — jino limelegea. Akafunga mlango, akachukua nyundo, akaiinua juu ya kichwa cha Theresia.
"Bon. Fungula machine, hiyo kompyuta. Unionyeshe Agata."
"Naweza kukuonyesha simu tu."
"Onyesha."
Nimekalishwa sakafuni. Kaona naandika, kasema niandike vizuri.
Nukta ya Agata ipo dukani, pale pale pa Jumatatu. Damu inadondokea vitufe. Cubaka anaipigia simu ya Agata. Inaita. Hakuna anayepokea.
Sasa nukta imetoka dukani. Inashuka taratibu kuelekea pwani.
"Ni yeye?"
"Sijui," anasema Theresia. "Ni simu."
Nyundo bado iko juu ya kichwa cha Theresia. Cubaka anapiga tena. Inaita.