Mama, Leo Umeiona Bahari

Mama yangu Wangeci,

Leo umeiona bahari! Ngoja nipumue kwanza, maana furaha imenizidi na meli nayo inayumba.

Ulitutoka kabla kahawa ya shamba letu haijalipa vizuri. Mwaka huu imelipa, nasi tumepanda meli ya kitalii kutoka Mombasa hadi visiwa vya Shelisheli: mimi, mke wangu Nyambura, na binti yetu aliyezaliwa baada ya kukuzika. Tulimpa jina lako, kama desturi yetu ilivyo, kwamba bibi hurudi kwa mjukuu, kwa hiyo mimi humwita Mama. Abiria wenzetu wanashangaa kweli, mwanamume mwenye ndevu kumwita mtoto mdogo hivyo.

Asubuhi mashua ilikuja kutuzungusha visiwani. Mama huyu mdogo akaing'ang'ania ngazi ya meli, akakataa kushuka. "Sitaki! Hii maji ni mingi!" Ni wewe kabisa. Kila ulipopeleka kabichi sokoni Karatina ulikuwa ukisema, "Hiyo bahari lazima nione," halafu umefika mlangoni unagoma! Nyambura akafoka, "Si umbebe tu! Ati unabembeleza mtoto?" Lakini nani humbeba mama yake kwa nguvu? Nikavua kofia, nikamsihi kwa heshima, wenzetu wakiungua jua mashuani. Niliogopa sana. Angekataa, ningesimama kaburini kwako nikwambie nini?

Akaiachia ngazi. "Basi nishike mkono." Akashuka!

Mama, mashua ile ina kioo sakafuni! Samaki wa manjano walipita chini ya nyayo zetu, naye akainua miguu asiwakanyage. Kisiwa kimoja kilikuwa na kobe mkubwa kama karai la kuogea, na Mama mdogo akamwamkia kana kwamba ni mzee wa kanisa. Mimi nilikuwa nimevaa sweta, mshamba wa baridi ya Nyeri, nikatota jasho huku nikicheka. Kwenye kisiwa cha mwisho akauachilia mkono wangu, akaingia majini mpaka magotini, akaonja. "Kumbe iko na chumvi!" Nikalia mbele ya wageni wote, wala sikuona haya.

Sasa amelala mapajani mwangu, nyayo zimejaa mchanga. Nyambura anataka kumwosha, nimemwomba amwache kidogo. Nakuahidi nitampeleka kila mahali ulikotamani kwenda.

Kwaheri, Mama. Pumzika. Leo umetembea sana.

Mwanao,
Kariuki